Mishale Miwili, Skrubu Moja

Sisi tunaoandika habari hii ni wazee watatu wa kanisa, katika usharika mmoja wa vijijini upande wa Njombe. Mwaka 2008 sisi ndio tulikuwa kamati ya gari. Hatutaji majina yetu, si kwa kujificha, maana majirani wote wanatujua. Hatutaji kwa sababu yule tuliyemkosea bado yu hai, na ukitutaja sisi umemtaja na yeye. Kabla ya kuandika tulimwendea, tukamweleza nia yetu. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wazee wangu, andikeni yenu. Yangu niachieni mwenyewe." Basi haya ni yetu.

Wakati ule Njombe ilikuwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Iringa. Usharika ulikuwa na gari moja, Land Rover Series III, ile ndefu ya turubai, yenye mabenchi mawili nyuma, inayotumia petroli. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na ya kwetu ilikuwa ya mwaka 1976. Ilikuwa imezeeka, lakini ilipanda milima. Ilimpeleka mchungaji mitaani kwa ajili ya Meza ya Bwana, ikabeba mahindi ya sikukuu ya mavuno, ikabeba kwaya, wagonjwa na majeneza. Watoto waliujua mlio wake kabla haijatokea kwenye kona ya miwati.

Mbele ya dereva wa gari la namna hiyo kuna duara mbili. Moja ni ya mwendo. Ya pili ina mishale miwili ndani yake: mmoja unaonyesha mafuta yaliyomo kwenye tangi, mwingine unaonyesha joto la maji ya injini. Tunaomba msomaji aikumbuke duara hiyo, maana habari yote imo humo.

Mafuta ya gari lile yalitokana na sadaka. Mtu alileta kuku, mwingine debe la viazi, vikanadiwa baada ya ibada, na fedha ile ikaenda kuwa petroli. Kwa hiyo tulilinda kila lita. Tuliweka utaratibu: gari likirudi jioni, mmoja wetu anasimama dirishani kabla injini haijazimwa, anaangalia mshale wa mafuta, anaandika. Asubuhi, kabla halijaondoka, anaangalia tena, anaandika.

Kuanzia mwezi wa tatu tukaanza kuona jambo lisiloeleweka. Jioni mshale ulisimama kwenye nusu. Asubuhi ulisimama kwenye robo, au chini yake. Gari lilikuwa limelala, halikwenda popote. Ilitokea mara moja tukanyamaza. Ilitokea mara ya pili tukatazamana. Ilipofika mara ya nne katika miezi miwili hatukuwa na swali tena. Tulikuwa na jibu. Dereva ndiye aliyelala jirani na banda la gari, na dereva ndiye aliyejua kutumia mpira kunyonya mafuta.

Tukalipeleka jambo kwenye Baraza la Wazee. Mmoja wetu akasimama akasema amepata habari kwamba dereva alionekana barabarani, njia ya Makambako, amesimamisha gari kando, ameshika dumu. Kabla hajakaa, mzee mwingine wa mtaa mwingine kabisa akasema, "Hata mimi nimeyasikia hayo hayo." Ukumbi ukawa kimya. Mashahidi wawili, tena wa mitaa miwili, na juu yao kile kitabu chetu chenye nusu za jioni na robo za asubuhi. Tuliona Bwana ametufunulia.

Dereva alipewa nafasi ya kusema. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Wazee wangu, geji ile inadanganya. Na ile ya joto nayo inadanganya, zote pamoja."

Tunakumbuka vizuri tulivyomjibu. Tulimwambia, "Baba, hapa tunazungumzia mafuta. Joto limeingiaje?" Wengine wakacheka kidogo. Kwetu ilionekana anaongeza neno ili atuchanganye. Yeye akatutazama, akakaa.

Hatukumweka chini ya marudi. Lakini tulimwambia aweke ufunguo mezani, mbele ya watu wote, na daftari la safari pia. Akaviweka. Jumapili iliyofuata alikuja ibadani na mke wake, wakakaa benchi la nyuma. Walioitwa Mezani walipokwenda, wao hawakwenda. Jumapili ya tatu mke wake hakuonekana tena kwenye kwaya, na alikuwa sauti ya kwanza. Tuliliona pengo lile kila wimbo ulipoanza. Tukasema moyoni, dhambi ya mtu mmoja huumiza wengi. Neno hilo lilikuwa kweli, ila tulikuwa tumekosea ni mtu gani.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Bibi mmoja wa usharika wetu alifia Makambako kwa binti yake, na ndugu wakaomba gari la kanisa limrudishe nyumbani azikwe. Hatukuwa na dereva. Mkubwa wetu kati yetu watatu ana leseni ya zamani, akachukua usukani. Wawili tukakaa naye mbele. Jeneza likawekwa katikati nyuma, kina mama na vijana wakakaa kwenye mabenchi, wakifunika magoti kwa vitenge na mablanketi.

Tulipotoka Makambako giza lilikuwa limeingia. Kabla ya kuondoka tulitazama geji: nusu tangi. Tangi la gari lile, lililo chini ya kiti, linachukua kama lita 45. Kwa milima yetu gari lilikwenda kilomita 5 hivi kwa lita moja, na kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60. Tukapiga hesabu kwa sauti, tukaona mafuta yanatosha na kubaki. Tukapita vituo vya mafuta vyote bila kusimama, tukijipongeza kwa kuokoa fedha ya kanisa.

Tulikuwa tumeipita Mtwango, tunapanda, ukungu umeshuka mpaka taa hazioni mbali, gari likakohoa. Likaenda kidogo, likakohoa tena, likazima. Tukawasha, likataka, likakataa. Tukatazama geji. Mshale wa mafuta ulisimama kwenye nusu. Mshale wa joto ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Tukasema, basi injini imechemka. Mmoja wetu akafungua boneti, akaweka mkono juu ya rejeta kwa hofu. Ilikuwa ya uvuguvugu tu, kama jiwe lililokaa juani. Haikuwa imechemka hata kidogo.

Ndipo mkubwa wetu akasema tulitikise gari. Vijana wakashuka wakalitikisa, naye akaweka sikio karibu na tangi. Hakusikia kitu. Mafuta hayakuwamo.

Kina mama waliendelea kuimba nyuma ya turubai, taratibu, maana ukinyamaza kwenye baridi ile unaanza kutetemeka. Tulikaa zaidi ya saa moja. Hatimaye lori la mbao lilisimama, na dereva wake akatupa lita kumi kwenye dumu, akakataa kuchukua fedha aliposikia tumebeba marehemu. Tulifika nyumbani kwa bibi saa nane za usiku. Waombolezaji walikuwa wanaota moto, wanatusubiri. Walitupokea, wakatupa chai, wakatupa pole ya safari.

Tulipokuwa tunakunywa ile chai, mmoja wetu alisema neno ambalo hatujalisahau. Alisema, "Jamani, hakuna aliyetuuliza tumeyauza wapi mafuta."

Hatukulala usiku ule. Sisi ndio tulioshika ufunguo. Sisi ndio tuliotazama mshale. Nusu tangi ilitoweka mikononi mwetu, na sisi tulijua kwamba hatukuiba. Lakini mbele ya kitabu chetu wenyewe, kama mtu mwingine angekisoma, tulikuwa wezi. Shahidi yule yule aliyemtia hatiani dereva alikuwa ametushuhudia na sisi.

Jumatatu tukatia petroli ya kutosha, tukaenda Makambako kutafuta fundi umeme. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita pale, reli ya TAZARA inapita pale, na barabara ya Njombe na Songea inaanzia pale. Malori yanalala, na panapolala malori mafundi hawakosekani. Tulielekezwa kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha mabati, waya zimening'inia ukutani kama mboga zilizoanikwa.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanetu. Geji yetu ya mafuta ni mbovu. Tubadilishie."

Hakugusa gari. Akauliza, "Ikikosea, inakosea peke yake au pamoja na ya joto?"

Tukatazamana. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumeandika mshale mmoja tu. Wa pili hatukuwahi kuutazama, kwa sababu hatukuwa tunatafuta ugonjwa wa gari. Tulikuwa tunatafuta mwizi wa mafuta.

Akauliza la pili. "Na ikikosea inaonyesha zaidi ya ukweli, au pungufu?"

Hilo nalo hatukuweza kulijibu moja kwa moja. Sisi siku zote tuliamini kwamba ya jioni ndiyo kweli na ya asubuhi ndiyo upungufu. Haikutujia kwamba pengine ya asubuhi ndiyo kweli, na ya jioni ndiyo uongo.

Akauliza la tatu. "Dereva wenu wa kila siku yuko wapi? Gari la namna hii ugonjwa wake anaujua anayelala nalo."

Hapo tulinyamaza. Mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo kwamba dereva hayupo, ila daftari lake limo chini ya kiti. Fundi akalichukua, akaanza kusoma huku amesimama. Sisi daftari lile tulilijua. Tulikuwa tumelisoma mara nyingi, lakini tulisoma safu moja tu, ile ya lita. Kulia kwake kulikuwa na nafasi ya maelezo, na dereva alikuwa ameandika humo kwa mwandiko mdogo. Siku moja: joto limepanda, nimesimama Mtwango, nimefungua rejeta, maji yamejaa. Siku nyingine: joto limepanda tena, mafuta yanaonyesha mengi kuliko niliyotia. Siku nyingine: nimeongeza maji kidogo kwa dumu, hayakuwa yamepungua.

Fundi akalifunga daftari. "Huyu ameshamaliza kazi yangu," akasema. "Mimi nimebakiza kufungua tu."

Akatueleza kwa lugha ya kawaida, nasi tunaeleza tulivyoelewa. Mshale wa mafuta una chombo chake ndani ya tangi, chenye boya linalopanda na kushuka. Mshale wa joto una chombo chake kwenye injini. Ni vyombo viwili, kila kimoja na waya wake. Lakini umeme unaoiendesha mishale yote miwili hautoki kwenye betri moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye kikopo kidogo cha bati nyuma ya dashibodi. Umeme wa betri unapanda na kushuka, hasa injini ikiwaka, hivyo kikopo kinaupunguza uwe kama volti 10 wakati wote. Kinafanya hivyo kwa kukata na kuunga, kukata na kuunga. Na ili kiweze kukata, lazima mwili wake uguse vizuri bodi ya gari, ili umeme upate njia ya kurudi. Mafundi huiita ethi. Ethi ikipotea, kikopo hakikati tena. Umeme wote wa betri unapita, na mishale yote miwili inapanda kwa pamoja. Mafuta yanaonekana mengi wakati ni machache. Injini inaonekana imechemka wakati ni nzima.

"Kama chombo cha tangi ndicho kingekuwa kibovu," akasema, "mshale wa mafuta ungekosea peke yake. Miwili ikikosea pamoja, usihangaike na tangi wala injini. Tafuta wanapokutania."

Hata hivyo hakutaka tuamini maneno. Aliondoa kiti, akachomoa waya wa tangi, mshale ukashuka chini kabisa. Akaugusisha waya ule kwenye bodi kidogo tu, mshale ukapanda juu. Waya ni mzima, geji ni nzima. Kisha akainama chini ya dashibodi, akaunga taa ndogo ya kupimia kwenye mdomo wa kile kikopo. Taa ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Ikipepesa, kikopo kinafanya kazi." Kisha akagonga dashibodi kwa mpini wa bisibisi, kama gari linavyogongwa na mashimo ya barabara. Taa ikaacha kupepesa. Ikawaka moja kwa moja, kali, bila kukatika. Kwa macho yetu sisi ilionekana imepona. Kumbe pale ndipo ilipougua.

Akatuambia tutazame mishale. Haikuruka. Ilianza kupanda polepole, mmoja huku, mwingine huku, kama watu wazima wanaopanda kilima. Geji za aina ile huenda kwa kupata joto ndani yake, hazina haraka. Ndiyo sababu tulidanganyika. Kama mshale ungerukaruka, hata mtoto angesema ni mbovu. Lakini ulikwenda kwa utulivu, na sisi tunaamini mno kitu kinachosema uongo kwa utulivu.

Mwisho akamulika tochi, akatuita mmoja mmoja tuchungulie. Kikopo kilishikwa na skrubu moja. Skrubu imelegea, na chini yake kutu. Gari likitikisika linaachia. Likilala na kupoa linagusa tena. Akaitoa, akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akaikaza, akaongeza waya mfupi kwenda kwenye bodi kwa usalama zaidi. Kazi nzima haikufika saa moja. Tulipouliza bei, alitaja fedha ndogo kuliko petroli ya safari ile.

Njiani kurudi hatukuzungumza sana. Tulikuwa tunatazama ile duara. Mshale wa joto ulitulia mahali pake mpaka Njombe.

Wapendwa, sisi si wachungaji, na hatutaki kuhubiri kupita kipimo chetu. Lakini tangu siku ile tumesoma upya sehemu chache za Maandiko, na tunaomba tuseme tulichokiona.

Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Tuliijua. Tulidhani tumeitimiza. Lakini sura hiyo haiishii hapo. Inawataka pia waamuzi wachunguze kwa bidii. Kuhesabu mashahidi si kuchunguza. Mishale yetu miwili ilikubaliana kila siku, na ilikubaliana kwa sababu ilikunywa kisima kimoja. Kisima kilipoharibika, wote wawili wakasema uongo mmoja kwa wakati mmoja.

Tulipofika hapo tukaona ni lazima turudi kwa wale mashahidi wetu wengine wawili, wazee wa mitaa miwili. Tukamwuliza wa kwanza, "Wewe ulimwona dereva na dumu?" Akasema hakumwona, aliambiwa dukani. Tukamwuliza wa pili. Naye aliambiwa, duka lile lile, na mtu yule yule. Tukamwendea mtu huyo. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema, "Ndiyo, nilimwona kando ya barabara, boneti iko wazi, anamimina kitu kwa dumu mbele ya gari. Nikasimulia tu." Mbele ya gari, wapendwa. Rejeta iko mbele. Alikuwa anatia maji, kwa sababu mshale wa joto ulikuwa umepanda, kwa sababu skrubu ilikuwa imelegea. Dumu lile la wizi lilikuwa dumu la maji.

Basi tukamkumbuka Nabothi, katika 1 Wafalme sura ya 21. Yeye naye alishuhudiwa na watu wawili, kama sheria inavyotaka. Lakini nyuma ya wote wawili kulikuwa na barua za mtu mmoja, Yezebeli, zenye muhuri wa Ahabu. Na walioletewa barua zile wakazitii walikuwa wazee wa mji. Tulikuwa tumeisoma habari hiyo tangu utoto, tukimlaani Yezebeli. Hatukuwahi kujiuliza wale wazee walirudije nyumbani jioni ile. Sisi hatukuwa na Yezebeli. Tulikuwa na skrubu na maneno ya dukani, na ikatosha.

Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza Amri ya Nane haishii kwenye kutosema uongo juu ya jirani. Anatutaka tumtetee, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio mwema. Zamani tuliona hilo ni la upole tu, la watu wasiojua dunia. Sasa tunaona lina faida hata kwa fundi. Kama tungemchukua dereva kwa upande mwema, kama tungejiuliza tu, "Na ikiwa anasema kweli?", tungetazama mshale wa pili siku ile ile. Alituambia ugonjwa wote kwa sentensi moja, mbele ya Baraza, bure. Tulimcheka.

Kosa tulilifanya mbele ya watu, hivyo hatukuona haki kuomba msamaha gizani. Kwanza tulikwenda nyumbani kwake, sisi watatu. Tulipiga hodi, tukasema "Kamwene", akatuitikia, akatupa viti. Mkubwa wetu alianza kueleza habari za kikopo. Dereva akamkatiza kwa heshima, "Mzee, hayo ya gari nayajua." Tukaelewa. Tukaacha habari za gari, tukasema lililotupeleka: tumekusingizia, tumekuvunjia heshima wewe na mama, tunaomba utusamehe. Alikaa kimya muda mrefu. Mke wake alikuwa jikoni, tulisikia amesimama mlangoni.

Akasema, "Msamaha nimewapa. Siku nyingi nimemwomba Mungu anisaidie kuutoa, nimeshautoa kabla hamjaja. Lakini ufunguo kaeni nao."

Jumapili, wakati wa matangazo, mchungaji alituruhusu. Tulisimama mbele ya madhabahu sisi watatu na wale wazee wawili, tukasema mbele ya usharika kwamba hakukuwa na wizi, na kwamba tulihukumu bila kuchunguza. Tulidhani baada ya hapo mambo yangerudi kama zamani. Hayakurudi yote. Yeye alipata kazi kwenye lori kule Makambako, na akaenda. Alirudi Mezani mwezi ule ule. Mke wake alirudi kwenye kwaya Majilio, zaidi ya miezi mitano baadaye. Kuna watu hadi leo, wakimtaja, wanaanza na habari ya mafuta kabla ya kufika kwenye ile ya skrubu. Neno likishatoka huwezi kulipiga msasa. Hilo tunalibeba.

Tulibadilisha mambo mawili. Daftari la gari sasa lina safu za mishale yote miwili, na lita zinazotiwa zinahesabiwa kwa kilomita, si kwa macho. Na katika Baraza, mtu akileta neno juu ya mwenzake, hata kama ni watu watatu wanaoleta neno hilo, mwenyekiti humwuliza kila mmoja peke yake: "Uliona mwenyewe, au uliambiwa? Na nani?" Mara nyingi tumefuata nyuzi hizo, tukakuta zote zinaishia kwenye mdomo mmoja. Na mara moja au mbili tumekuta kweli mashahidi ni wawili, na jambo likashughulikiwa kwa haki.

Mwaka jana dereva yule alipita kutusalimia. Mkubwa wetu hakuweza tena kuendesha, macho yake yamechoka, na kulikuwa na mgonjwa wa kupeleka mjini. Tukamtazama dereva bila kusema neno. Akanyoosha mkono, akapokea ufunguo, akapanda. Kabla ya kuwasha akainama, akatia mkono nyuma ya dashibodi, akakishika kile kikopo kuona kama kimekaza. Kisha akawasha, akasubiri mishale ipande taratibu mpaka mahali pake, yote miwili, ndipo akaondoa gari.

Sisi tulibaki tumesimama pale kwenye ukungu mpaka tulipoacha kuusikia mlio wake. Tunamshukuru Mungu aliyemtunza mtumishi wake wakati sisi tulipomwacha. Tunamwomba atupe, sisi na ninyi mnaosoma, moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Amina.